Kuianza kamera ya Kiev mjini Tanga: mikono kwanza, filamu baadaye

Mtu anapoishika kamera ya Kiev kwa mara ya kwanza, karibu kila kidole chake huangukia mahali pasipofaa. Kidole cha shahada hukimbilia kitufe cha kupigia kama kilivyozoea kwenye kamera nyingine, na kidole cha kati kikaegemea mbele ya kamera, juu ya kidirisha kidogo cha mviringo ambacho ndicho jicho la pili la kipima-umbali. Mwenye kamera hutazama, asione ile taswira ya pili anayotakiwa kuioanisha na ya kwanza, akakata shauri kwamba kamera ni mbovu. Nimewahi kuletewa kamera mbili za namna hiyo, zote zima kabisa, wenyewe wakiwa wameshazikatia tamaa.

Mwongozo huu umekusudiwa kwa anayeanza na Kiev 4 au Kiev 4A akiwa anaishi pwani, hasa hapa Tanga, ambako joto, unyevu na jua vina kanuni zake ambazo vijitabu vya maelekezo vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi havikuzifikiria.

Kamera yenyewe

Kamera ya kipima-umbali haikuonyeshi picha kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha kilicho juu ya lenzi, na katikati ya kidirisha hicho kuna kiraka cha rangi ya manjano hafifu kinachoonyesha taswira mbili za kitu kimoja. Unapozungusha fokasi, taswira hizo husogeleana. Zinapolala moja juu ya nyingine, lenzi imekwisha kufika kwenye umbali wa kitu hicho. Kwa kuwa huoni kupitia lenzi, unaweza kupiga mkanda mzima kifuniko kikiwa bado mdomoni mwa lenzi, na kamera isikuambie neno. Kwa sababu hiyo kifuniko changu hukaa mfukoni tangu ninapotoka nyumbani.

Asili ya Kiev ni Contax II ya kampuni ya Zeiss Ikon ya Dresden, Ujerumani, iliyotoka mwaka 1936. Contax II ndiyo aliyokuwa nayo mpiga picha wa vita Robert Capa alipopiga picha za majeshi yakitua Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944. Vita vilipokwisha, mitambo na vipuri vya Contax vilichukuliwa na Muungano wa Kisovieti kama fidia, vikapelekwa kwenye kiwanda cha Arsenal mjini Kiev, na huko kamera hiyo ikaendelea kutengenezwa, kwa mabadiliko machache tu, hadi miaka ya 1980. Anayenunua Kiev leo, kwa hiyo, ananunua mawazo ya wahandisi wa miaka ya 1930 pamoja na ukaidi wao wote.

Ndani yake hakuna betri. Shata yake, yaani pazia linalofunguka na kufunga ili mwanga uifikie filamu, haikutengenezwa kwa kitambaa kama ya kamera nyingi za wakati wake. Ni vipande vyembamba vya chuma vilivyounganishwa mfano wa mlango wa duka unaokunjwa kwenda juu, navyo hushuka kwa wima vikivutwa na tepe mbili za kitambaa. Uzuri wa shata ya chuma ni kwamba jua likipenya kwenye lenzi haliwezi kuitoboa kwa moto, jambo linaloweza kuipata shata ya kitambaa ukiisahau kamera juu ya meza ikiwa imelitazama jua. Udhaifu wake ni zile tepe, ambazo huchakaa na kukatika, na fundi anayeweza kuzibadilisha ni vigumu kumpata.

Kabla ya kulipa

Kiev 4 ina kipima-mwanga cha seleniamu kilichofunikwa kwa kibao kidogo juu ya kamera, na Kiev 4A haina. Ushauri wangu ni kuchukua 4A. Seleniamu hupoteza nguvu kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo kwenye kamera iliyotimiza nusu karne utakuwa unabeba uzito wa kifaa ambacho huwezi kukiamini. Tarakimu mbili za mwanzo za namba ya kamera huonyesha mwaka wa kutengenezwa: namba inayoanza na 63 ni ya mwaka 1963. Binafsi huzipendelea zile za miaka ya 1950 na 1960, kwa sababu nimeziona zinazungusha filamu kwa ulaini zaidi kuliko za mwishoni.

Ukiweza kuishika kamera kabla ya kulipa, ifungue mgongo, ielekeze kwenye mwanga, kisha upige kasi zote moja baada ya nyingine ukitazama kutokea nyuma. Kila mara lazima uone mwanga ukipita kwenye fremu nzima. Ukiona vipande vya shata vimekaa mshazari, au pazia limeacha ufa baada ya kupiga, irudishe mezani. Kisha itazame lenzi kwa kuipitishia tochi ya simu: nyuzinyuzi nyeupe zinazosambaa kama mizizi ni kuvu, na kwa hali ya hewa yetu kuvu iliyokwisha kuota haitakaa ilipo. Kipima-umbali kijaribiwe kwa kitu kilicho mbali sana. Hapa Tanga mimi hutumia meli iliyotia nanga nje ya ghuba, nikisimama Raskazone. Fokasi ikiwa kwenye alama ya ∞, yaani mbali kabisa, milingoti ya meli hiyo isionekane miwili miwili.

Kuhusu lenzi, kuna mtego unaowanasa wengi wanaonunua kwa mtandao. Jupiter-8, ambayo ni lenzi ya kawaida ya milimita 50 yenye tundu (mlango wa kupitishia mwanga ndani ya lenzi) la f/2, ilitengenezwa kwa vishikio vya aina mbili. Moja ni ya kukaza kwa skrubu, kwa ajili ya kamera nyingine za Kisovieti, Zorki na FED. Nyingine ni ya kuingiza na kuzungusha, kwa ajili ya Kiev. Jina ni lilelile, lakini ya kwanza haiingii kwenye Kiev hata kwa dua. Omba picha ya nyuma ya lenzi kabla ya kutuma fedha.

Mshiko

Sehemu hii ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo ipewe juma zima bila kuweka filamu ndani.

Mbele ya kamera, karibu na kitufe cha kupigia, kuna kigurudumu kidogo chenye meno makali. Hicho ndicho kinachozungusha fokasi ya lenzi ya milimita 50. Kidole cha shahada kikae juu ya kigurudumu, na kidole cha kati ndicho kibonyeze kitufe. Vidole viwili vilivyobaki vikunjwe chini, viishike kamera kwa mbele karibu na kitako chake, ili kidirisha cha mviringo kilicho juu yao kibaki wazi. Mkono wa kushoto uibebe kamera kutoka chini. Mwanzoni utahisi kama mtu aliyelazimishwa kushika kalamu kwa vidole asivyovizoea, na meno ya kigurudumu yatakuachia alama. Baada ya siku chache vidole vitapata njia yao.

Fokasi ikifika kwenye ∞ hujifunga. Hilo si kasoro. Kando ya kigurudumu kuna kibonyezo kidogo cha kuifungulia, nacho hubonyezwa kwa kidole kilekile cha shahada kabla ya kuanza kuzungusha. Anayeshindana na kigurudumu bila kukibonyeza kibonyezo hicho ataishia kuyaumiza meno ya ndani. Ukitaka kwenda haraka kutoka mbali hadi karibu, fungua kufuli, kisha zungusha lenzi yenyewe kwa mkono wa kushoto, ukikiacha kigurudumu kwa marekebisho madogo ya mwisho. Utagundua kwamba lenzi nzima huzunguka pamoja na fokasi, hata namba za tundu zikahamia upande usiouona. Weka tundu kwanza, fokasi baadaye.

Kipini cha juu kinachokizunguka kitufe kina kazi mbili: kusogeza filamu na kuchagua kasi. Kusogeza, unakizungusha mpaka kigote. Kuchagua kasi, unakiinua na kukizungusha mpaka namba unayoitaka ikutane na alama. Jizoeze kusogeza filamu kwanza ndipo uchague kasi, na ufuate mpangilio huo kila siku bila kuubadilisha. Wako wanaosema haina haja, lakini kamera hizi ni za wazee, na mzee haharakishwi. Kile kijiti cha mbele cha kujipiga picha mwenyewe usikiguse kabisa, kwani mara nyingi ndicho cha kwanza kukwama, na kikikwama njiani kinaweza kuifunga shata yote.

Mazoezi yenyewe ni rahisi. Kaa barazani, chagua kitu kimoja kilicho umbali wa mita moja na nusu, kingine mita nne, kingine mwisho wa mtaa, uwe unahama kutoka kimoja kwenda kingine. Barabara za Ngamiani, zilivyonyooka na baiskeli zisivyokatika, ni darasa zuri: mfuate mwendesha baiskeli mmoja tangu anapotokea mbali, ukiziweka taswira mbili pamoja wakati wote, na ubonyeze anapofika mbele yako. Ukiweza hivyo mara kumi mfululizo, nenda ukanunue mkanda.

Kupakia filamu

Chini ya kamera kuna vifunguo viwili vya kukunja. Viinue, vizungushe nusu duara kila kimoja, na mgongo wote pamoja na kitako utatoka kwa kuuvuta chini. Hapo ndipo spuli ya kupokelea filamu hudondoka, kwa sababu haikufungwa na kitu chochote. Ya kwangu ilianguka pale Deep Sea nilipokuwa nabadilisha mkanda nimesimama katikati ya wachuuzi wa samaki, ikaviringika chini ya meza, na ilipopatikana ilinuka dagaa kwa miezi. Badilisha mkanda ukiwa umekaa, kamera ikiwa pajani, juu ya kitambaa safi.

Ingiza ulimi wa filamu kwenye ufa wa spuli, uzungushe spuli mara moja na nusu ili ulimi ushike, kisha iweke spuli mahali pake na kasha la filamu upande wa pili, matundu ya pembeni yakiwa yameingia kwenye meno. Sogeza kidogo kwa kipini uone filamu inakwenda sawa, ndipo urudishe mgongo na kuvifunga vifunguo vyote viwili. Piga mara mbili bila kujali picha, halafu rudisha kihesabu cha picha kwenye sifuri kwa mkono, kwani hakijirudishi chenyewe.

Sasa kitazame kipini cha kurudishia filamu, kilicho upande wa pili wa kamera, kila unaposogeza. Kikizunguka, filamu inakwenda. Kisipozunguka hata baada ya picha tatu nne, ulimi umechomoka na unapiga hewa. Mkanda wangu wa kwanza ulikwenda hivyo: picha 36 za ngalawa, na hakuna hata moja iliyofika kwenye filamu.

Mkanda ukiisha usilazimishe kipini. Bonyeza kitufe kilicho chini ya kamera na ukishikilie huku ukizungusha kipini cha kurudishia, polepole, mpaka uhisi mvutano umelegea. Fanya hivyo kivulini.

Jua la Tanga

Kipima-mwanga si lazima. Kanuni ya kale inatosha: kwenye jua kamili weka tundu la f/16, na kasi iwe karibu na namba ya ISO ya filamu, ile inayoonyesha wepesi wake wa kupokea mwanga. Kwa filamu ya ISO 100 hiyo ni f/16 kwa 1/125 ya sekunde, ambayo ni sawa na f/11 kwa 1/250 au f/8 kwa 1/500. Kwenye mchanga mweupe au majini, ambako mwanga hurudi kutoka chini pia, punguza hatua moja hadi f/22 kwa 1/125. Kwenye kivuli cha wazi, kwa mfano chini ya mwembe au ndani ya baraza, fungua hadi f/4, au f/5.6 ikiwa mbele ya kivuli kuna ukuta uliopakwa chokaa unaorudisha mwanga. Mtu aliyevaa kanzu nyeupe akiwa juani, usipime kwa kanzu. Uso wake ndio unaotaka mwanga.

Kwa sababu ya jua hili nakushauri uanze na filamu ya ISO 100 au 125, kama Fomapan 100 au Ilford FP4 Plus, wala si ya 400 ambayo wanaoanza husukumwa kuinunua. Filamu ya 400 saa sita mchana itakulazimisha ubane tundu hadi f/16 au f/22, au utumie kasi za juu kabisa za kamera, 1/1000 au 1/1250, na kwenye shata yenye umri huu kasi hizo ndizo zisizoaminika. Ya 100 itakuacha katikati, kwenye 1/125 hadi 1/500, ambako hata Kiev iliyochoka hufanya kazi yake.

Saa yenyewe nayo ina maana. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri jua huwa karibu na utosi, na macho ya kila mtu huwa mashimo meusi. Jengo la Boma na nyumba za zamani za matumbawe hupendeza saa kumi na nusu jioni, mwanga unapolala ubavuni na kuonyesha ukwaruzaji wa chokaa. Magofu ya Tongoni na makaburi yake ya nguzo ni afadhali yafikiwe asubuhi na mapema. Bandarini na kwenye maeneo ya ulinzi usiinue kamera bila kibali. Na kwa watu, salamu itangulie, maana kamera hii ina sura ya ajabu na salamu moja hugeuka kuwa mazungumzo ya dakika kumi.

Unapotaka kupiga bila kuzungusha fokasi kila mara, tumia mahesabu. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/11, ikiwekwa kwenye mita 8, hutoa picha iliyo wazi tangu kama mita 4 hadi mbali kabisa. Jupiter-12 ya milimita 35, kwenye f/11 na mita 4, huanzia kama mita 2. Hiyo Jupiter-12 ndiyo ningeinunua kuwa lenzi ya pili, kwa tahadhari mbili. Kioo chake cha nyuma kimechomoza sana, kwa hiyo kamwe usiilaze kwa mgongo bila kifuniko. Tena inashika kwenye kishikio cha nje cha kamera, si cha ndani kinachotumiwa na ya milimita 50, na kidirisha cha kamera hakionyeshi eneo lake lote. Utahitaji kidirisha cha ziada cha kupachika juu. Kila ubadilishapo lenzi, kamera iwe kwenye ∞.

Kusafisha filamu nyumbani

Filamu ya rangi ulizia kwanza nani ataisafisha kabla hujainunua. Nyeusi na nyeupe waweza kuisafisha mwenyewe, na hapa ndipo joto la Tanga linapoanza ubishi. Maelekezo yote huandikwa kwa nyuzi 20, ilhali maji ya bomba letu mara nyingi huvuka nyuzi 27. Dawa ikiwa ya moto hufanya kazi haraka mno. Muda ukishuka chini ya dakika 5, filamu hutoka na mabaka.

Njia ninayoitumia ni kulenga nyuzi 24, ambazo zinafikika kwa beseni na barafu za vifuko. Chupa za dawa, fiksa (dawa ya pili, inayoifanya picha idumu) na maji zikae zote ndani ya beseni moja lenye barafu. Barafu yenyewe isiingie kwenye dawa. FP4 Plus ndani ya D-76, ambayo ndiyo dawa ya kwanza ya kuitokeza picha, iliyozimuliwa nusu kwa nusu na maji huchukua dakika 11 kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 ni karibu dakika 8. Mkanda mmoja unahitaji mililita 300: 150 za dawa na 150 za maji, na ukimaliza unamwaga. Pindua tangi, chombo kisichopenya mwanga chenye filamu na dawa ndani, mara nne mwanzoni, kisha mara nne kila dakika inapoanza. Suuza kwa maji, mimina fiksa kwa dakika 4 au 5, na hakikisha maji na fiksa havipishani sana joto na dawa ya kwanza, kwa sababu ngozi ya filamu hulainika kwenye joto na mshtuko wa ghafla huikunja.

Kuingiza filamu kwenye tangi kunataka giza totoro. Mfuko wa giza unaotumiwa kwingine haufai sana hapa: mikono hutoka jasho ndani yake na filamu hunata. Mimi hungoja usiku, nikaingia bafuni, nikaziba upenyo wa mlango kwa doti ya kanga.

Kuosha hakuhitaji bomba lililoachwa wazi. Jaza tangi maji, pindua mara 5, mwaga. Jaza tena, mara 10, mwaga. Jaza mara ya tatu, mara 20, mwaga. Suuzo la mwisho liwe la maji ya mvua au ya chupa, kwani maji ya kisima huacha chumvi iliyoganda kama machozi kwenye kila picha. Itundike filamu bafuni humo humo bila feni, mlango ukiwa umefungwa, hasa msimu wa kaskazi ambapo vumbi haliishi.

Kamera yenyewe, usiku, isilale ndani ya mkoba wake wa ngozi, kwa sababu ngozi hufyonza unyevu na kulea kuvu. Chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kinatosha. Vifuko hivyo vianikwe juani mara kwa mara vikauke. Ukitoka ufukweni, futa chumvi kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kabla ya kuifunga. Shata iachwe ikiwa imekwisha pigwa, isikae imekazwa.

Filamu ikikauka, ikate vipande vya picha sita sita, uvitie kwenye karatasi safi na kuandika tarehe na lenzi iliyotumika. Kuzitazama picha, weka kipande juu ya kioo cha simu kinachoonyesha ukurasa mweupe, ukiinue kidogo ili vidoa vya kioo visitokee, kisha upige kwa simu ya pili na kugeuza rangi kwa programu yoyote ya picha.